Moto wa Mabwawani na Dume la Mahari

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura kumdanganya fisi, nasema zamani za juzijuzi, za simu za vitufe, palikuwa na mji mmoja wa reli. Na chini ya mji huo, upande maji yanakoteremkia, palikuwa na mtaa unaoitwa Mabwawani.

Jina hilo halikuwa la sifa. Mtu akienda chooni huko mjini, awe bosi awe kibarua, alivuta maji akasahau. Sisi wa Mabwawani hatukupata nafasi ya kusahau. Kilichosahauliwa juu kilishuka kwa bomba hadi kwetu, kikaingia kwenye mabwawa ya majitaka, kikaota jua. Mimi nimetembea, jamani. Nimenusa kiwanda cha ngozi, nimenusa behewa la mifugo lililochelewa stesheni, nimenusa soksi za askari aliyetoka doria. Zote hizo ni marashi. Harufu ya Mabwawani ilikuwa na mikono: inakupokea njia panda, inakushika shati, inakusindikiza hadi jamvini na kukaa kula nawe.

Kwa hiyo harusi zetu tulizifanyia mitaa ya watu. Mtoto wa Mabwawani akioa, anaazima uwanja. Akiolewa, anaagwa kwenye uwanja wa kuazima. Ndivyo tulivyoishi, na tulikwisha kuzoea, maana binadamu huzoea yote isipokuwa njaa na jirani mpiga tarumbeta.

Sasa niwape watu wangu. Ni wachache, hamtapotea.

Wa kwanza ni Mzee Mahimbo, mchinjaji. Supu yake ya makongoro ingeweza kumwamsha mtu ambaye wamekwisha kuanza kumlilia. Ila makongoro ni magumu kama shemeji mwenye kinyongo, hayalainiki kwa maneno. Yanataka moto, na moto unataka kuni, na kuni zilikwisha kuwa za kutafuta mbali.

Wa pili ni Bi Kalunde, Mnyamwezi, mpishi wa shughuli. Pilau yake ikifunuliwa, bwana harusi husahau bibi harusi amekaa upande gani. Tatizo lake ni anwani. Watu walikula wakisifu, wakiambiwa mpishi katoka Mabwawani wanaanza kuichunguza punje moja moja. Bi Kalunde alikuwa na ndoto moja tu duniani: apike harusi uani kwake, Mabwawani, na watu wa mjini waje kwa miguu yao wale, walambe vidole.

Wa tatu ni Pazi, Mzaramo, fundi wa maturubai. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko nyuzi zake. Alikuwa na turubai moja jeupe, kubwa, zito, la plastiki ya kigeni, halivuji hata pumzi. Hilo ndilo lililomlisha. Likitoka kazini analifuta, analikunja, analificha. Na alikuwa ndiyo kwanza ameoa.

Mkewe aliitwa Minza, binti wa Kisukuma, mpole wa sauti. Kifua chake kilikuwa kibovu. Moshi wa kuni ukimgusa, anakohoa mpaka anashika ukuta, na midomo inabadilika rangi. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Minza, alipoletewa posa alikataa katakata. Pazi akatuma ng'ombe wa mahari, dume mnene, tena Mzee Mahimbo ndiye aliyekwenda kumchagua mnadani. Mama Minza bado akakataa. Ndipo Pazi, kwa ule mdomo wake, akatoa ahadi mbele ya wazee: "Mwanao hatapuliza kuni nyumbani kwangu. Hata jivu hatalijua rangi."

Ahadi tamu. Minza akaolewa. Siku ya pili akapuliza kuni. Angepuliza nini?

Jambo moja la mwisho, na hili mlishike maana hadithi imelikalia. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kitu chako, hukidai. Ukikidai umevunja utani, na mvunja utani huzikwa na watu wachache. Kwa hiyo Bi Kalunde akipita kwa Pazi hutoka na kijiko. Pazi akipita kwa Bi Kalunde hutoka na mnofu. Amani tupu.

Basi. Akaja Injinia.

Injinia aliitwa Atuganile, mwanamke kijana mwenye kofia ngumu na kicheko cha karibu. Alikuja kusimamia mabwawa. Akatukusanya, akasema, "Baba zangu, mama zangu, hii harufu mnayoinusa ni moto uliokosa mlango."

Mzee Mahimbo akasimama. "Mwanangu, unatuambia mavi yatawaka?"

"Yatawaka, baba."

"Na sisi tuliokuwa tukivutia sigara kando ya bwawa miaka yote hii?"

"Mungu aliwapenda tu."

Watu wakacheka, wengine wakazima sigara.

Injinia akaeleza. Bwawa la kwanza atalifunika kwa blanketi jeusi la mpira, kingo zote zibanwe. Uchafu ukioza ndani bila hewa, unatoa gesi. Gesi itapita kwenye bomba mpaka kwenye injini, injini itazungusha pampu za mabwawa. Zamani pampu zilikunywa dizeli, na dizeli ikikatika, bwawa lilikuwa linakuja kututembelea ndani. Sasa bwawa litajisukuma kwa pumzi yake lenyewe.

"Na pampu zikishiba," akasema, "itabaki gesi kidogo. Inatosha jiko moja, nje ya uzio. Bomba moja, jiko moja. Nikiligawa, mtapata vibatari viwili visivyochemsha hata chai."

"Jiko hilo atapewa nani?" akauliza Bi Kalunde.

"Atakayestahili. Mtaniambia wenyewe."

Ah, Injinia. Msomi wa kweli, lakini hapo alikaribisha nyuki akidhani ni wageni.

Blanketi likatandikwa. Tukangoja. Blanketi likalala juu ya maji kama chapati. Tukangoja tena. Chapati.

Injinia akasema, "Bwawa halina wadudu wa kutosha. Si hawa wa kuuma. Ni wadogo, hawaonekani, ndio wanaopika gesi. Wanakaa hata tumboni mwa ng'ombe, wanamsaidia kuyavunja majani."

Mzee Mahimbo akajipiga kifua. "Tumboni mwa ng'ombe? Mwanangu, hiyo si ndiyo ofisi yangu?"

Kuanzia hapo, kila alfajiri alipotoka machinjioni alisukuma toroli limejaa yale majani yaliyotafunwa nusu, mabichi, bado yana joto, yanachemka. Akayamimina kwenye mdomo wa bwawa. Mkewe akamfukuza chumbani kwa ajili ya harufu. Akaendelea. Wateja wakamwambia supu yake inanuka bwawa. Akaendelea. Na blanketi likaanza kuinuka. Kwanza kama shavu la mtu anayezuia kicheko, halafu kama tumbo la mja mzito. Gesi ya kwanza ilizima kiberiti. Ya pili ikazima kiberiti. Injinia akasema, "Vumilieni, hiyo ni pumzi ya usingizi." Iliyofuata ikashika, ikawaka buluu, haina moshi, haina hata harufu. Mtaa mzima tukapiga makofi kuyashangilia mavi. Nilikuwepo, nilipiga ya kwanza.

Pampu zikazunguka kwa gesi. Injinia akasafiri kwenda kufuata koki ya lile bomba la jiko, na huku nyuma akatuachia neno moja: "Mtu asipande juu ya blanketi."

Mtu hakupanda. Alipanda mbuzi.

Mzee Mahimbo alikuwa na beberu aliyemfunga akingoja kuchinjwa Jumamosi. Beberu hakuipenda Jumamosi. Akakata kamba, akatafuta mahali pazuri, akaona mlima mweusi, laini, wa moto. Akapanda. Akagundua unadunda. Akaruka. Akaruka tena, pembe juu, ndevu zinapepea, na sisi wajinga tunacheka. Mruko wa mwisho, kwato ikazama.

Psssss!

Mlima ukaanza kunywea. Beberu akashuka taratibu kama mheshimiwa aliyemaliza hotuba. Na ile harufu yetu ya zamani ikatoka kwenye mpasuko, ikatukumbatia, imetukumbuka sana.

Hapo ndipo Bi Kalunde alipokimbia. Hakukimbilia bwawani. Alikimbilia kwa Pazi. Pazi alikuwa mjini kupima uwanja wa harusi. Bi Kalunde akaingia, akatoka na lile turubai jeupe begani, anahema, anakwenda nalo moja kwa moja bwawani. Akalitandaza juu ya mpasuko, akalilalia mwenyewe, na mwili wake, nashukuru Mungu, haukuwa mdogo. Akapaza sauti: "Leteni mawe pembeni! Viroba vya mchanga! Mnanitazama nini, mimi sinema?"

Pazi alirudi akakuta mtaa mzima ukingoni, na juu ya bwawa la mavi, turubai lake la harusi, na juu ya turubai, mtani wake.

"Kalunde!"

"Naam, mtani."

"Hilo ni nini umelalia?"

"Ni langu. Nimelichukua kwako asubuhi hii."

Pazi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Watu wote wanamwangalia: akidai, amevunja utani. Machozi yakamlengalenga, akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Wewe mpagazi," akasema, "umezoea kubeba vya watu!"

"Na wewe mcheza ngoma, ungekuwepo ungelichezea mdundiko!"

"Na umelitandika vibaya! Tazama hilo pindo! Gesi inapita hapo kama abiria bila tiketi! Ondoka, ondoka juu ya kazi za watu! Ukimwibia fundi, basi iba kifundi!"

Akavua viatu. Akapanda kwa tumbo, kama kenge, na solusheni ya kuzibia matairi na vipande vya mpira wa lori. Akakata turubai lake mwenyewe kwa mkasi wake mwenyewe. Mkasi ulipoingia alifumba macho. Akagandisha, akakandamiza, akagandisha juu yake tena, mpaka ile psss ikawa ss, ikawa kimya. Blanketi likavimba upya, na kiraka cheupe katikati, kama ng'ombe wa baka.

Injinia aliporudi alilizunguka bwawa, akakitazama kiraka, akasema, "Mimi nisingeweza." Na huyo ni mtu aliyesoma.

Mambo yakawa mazuri. Yangebaki mazuri, lakini simu ya Pazi ikalia. Mama Minza. Maana amesikia mwanawe bado anakohoa. "Nakuja na garimoshi la Ijumaa," akasema. "Nikikuta huo moto usio na moshi ninaousikia, nitakula, nitashukuru, nitaondoka. Nikikuta kuni, naondoka na mwanangu."

Pazi akachanganyikiwa. Moto upo, bomba la jiko halijafungwa, lakini angalau ataonyeshwa. Kilichomtia hofu ni harufu. Yale mabwawa mengine yalikuwa wazi bado, na vyoo vya mtaani je? Mkwe wa Kisukuma atoke kwenye hewa ya mbuga aje anuse hivi? Akapita nyumba kwa nyumba na dumu la dawa ya chooni, ile kali inayotoa machozi. "Jirani, nisitiri. Mimina kikombe."

Nani angekataa? Mkwe wa mmoja ni mkwe wa mtaa. Kila nyumba ikamimina kikombe, na wenye heshima zaidi wakaongeza cha kwao. Mzee Mahimbo alimimina. Bi Kalunde alimimina. Mimi nilimimina viwili, niliona kimoja ni uchoyo. Ijumaa asubuhi Mabwawani ilinukia kama wodi mpya. Tukatembea tumeinua pua.

Dawa ile ikashuka kwenye chemba, ikaingia bwawani, ikawakuta wadudu wetu kazini. Ikawaua wote.

Blanketi likalala. Chapati. Pampu zikakohoa, zikanyamaza. Injinia akapiga magoti ukingoni, akanusa, akatutazama mmoja mmoja. "Nani amemimina dawa?"

Mtaa mzima tukatazama chini.

Na saa ile ile, Mama Minza akashuka stesheni. Hakuja peke yake. Alikuja anamvuta dume la mahari, yule yule, sasa ana nundu kama begi la safari. Kwa desturi ya ukoo wao, mwanamke harudi nyumbani mpaka mahari irudi, na mahari hairudi mpaka mume aipokee kamba ya ng'ombe kwa mkono wake. Akiishika tu, ndoa imekwisha. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa amekuja na talaka yenye pembe.

Akasimama mbele ya nyumba ya Pazi. Ndani, Minza alikuwa anapuliza kuni ili amchemshie mama yake chai. Tulimsikia anakohoa. Kikohozi kile hakikuwa na mwisho, kila ukidhani kimekwisha kinaanza.

Mama Minza hakusalimu. Akanyoosha kamba. "Mkwe, pokea."

Pazi akaficha mikono mgongoni. Na kwa kuwa kwao huko mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe uso kwa uso, akageukia nguzo ya nyumba. "Ewe nguzo, mwambie mama moto ulikuwepo. Umezimika kwa kumheshimu yeye."

"Ewe nguzo," akajibu Mama Minza, "mwambie mkwe heshima yake inamkohoza mwanangu. Apokee kamba."

Dume akakojoa. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Bi Kalunde alipojipenyeza mbele, anafuta mikono kwenye kanga. "Dada, karibu. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wa Pazi. Ndiyo maana namrudisha."

"Ni wa Pazi kweli?"

"Ni wa Pazi. Mimi simtaki tena."

"Mmesikia, jamani? Cha Pazi ni cha mtani wake!" Akaikamata kamba. "Nimemchukua. Mzee Mahimbo, noa kisu. Siku hizi mbuga zote zimekauka, ng'ombe wameswagwa mbali, machinjioni mnachinja mbuzi tu, na tumbo la mbuzi ni kikombe. Bwawa linataka pipa. Pipa hili hapa limekuja kwa garimoshi!"

"Acha kamba!" Mama Minza akapaza sauti. "Kamba anashika mume, hashiki jirani!"

"Basi kama lazima ashike Pazi, na Pazi hajashika, ng'ombe bado ni wako, mahari haijarudi, na Minza ni mke wa mtu. Chagua mwenyewe, dada. Ng'ombe wa Pazi, nachinja. Ng'ombe wako, ndoa ipo."

Wallahi, nimekaa mahakamani mara nyingi kusikiliza kesi za watu, sijasikia wakili kama yule.

Mama Minza akaikaza kamba upande wake. Akamtazama Bi Kalunde, akamtazama dume. Kutoka ndani kikohozi kikaanza tena. Akamgeukia Injinia.

"Mwanangu, huyu akichinjwa, huo moto utarudi?"

"Unaweza kurudi, mama. Tumbo lake ni mbegu. Mbegu inaweza kuota, inaweza isiote. Siapi."

"Usiporudi?"

"Utakuwa umepoteza ng'ombe."

"Na cha kumkombolea mwanangu pia." Akaitazama kamba mkononi mwa Bi Kalunde kama mtu anayetazama daraja linachukuliwa na maji. Halafu akaiachia. "Chinjeni. Ila mkumbuke nani amemleta."

Mzee Mahimbo akachinja. Injinia akafungulia maji mapya yasukume dawa itoke. Tumbo la dume likaingia bwawani zima zima. Tukakatazana dawa, sabuni kali, hata chumvi ya kumwaga chooni. Jirani akamlinda jirani. Na Mama Minza akakaa kungoja, kwa Pazi, na kwa kuwa hawatakiwi kukutana mlangoni, Pazi alikuwa anaingia na kutoka kwake kwa dirisha.

Siku moja mchana, Minza akiwa anaanika nguo, akaita, "Mama! Njoo uone kiraka!"

Kiraka cheupe kilikuwa kimeinuka juu ya maji. Kidogo. Kama mtu anayenyanyua kichwa mtoni.

Kesho yake blanketi lilikuwa limevimba. Pampu zikalia. Injinia akavuta bomba la ziada mpaka nje ya uzio, akafunga koki, akaniambia mimi, ndiyo, mimi, niwashe kiberiti. Buluu! Mama Minza akaweka kiganja chake karibu na moto, akautazama kama unatoa moshi. Hakuna. Akamvuta Minza akamsogeza karibu kabisa. "Vuta pumzi." Minza akavuta, ndefu, mpaka mwisho. Hakukohoa. Mama Minza akageukia upande mwingine, akajifanya anafunga kitenge.

Injinia akashika spana. "Haya. Bomba moja, jiko moja. Niambieni lielekee nyumba gani."

Mzee Mahimbo akawa wa kwanza. "Bwawa lilikuwa maiti, nikalitia roho. Mara ya kwanza roho niliisukuma kwa toroli, mara ya pili niliitoa kwa kisu changu. Hata huyo dume, nani alimchagua mnadani? Nipeni jiko, niwape supu kila alfajiri, mtaa mzima. Bila mimi, mngekuwa bado mnanusa tu."

"Na beberu alikuwa wa nani?" akauliza Bi Kalunde.

"Beberu ameshaliwa. Marehemu hasemwi."

"Basi nisikilizeni mimi. Gesi ilipotoka, nyote mlikodoa macho. Nani aliyelala juu ya mavi? Na ndoa ilipotoka, nyote mlikodoa macho. Nani aliyeshika kamba? Turubai nililichukua mimi, ng'ombe nilimchukua mimi. Nipeni jiko, nipike harusi hapa hapa Mabwawani, na watu wa mjini waje watupigie hodi. Bila mimi, mngekuwa bado mnanusa tu."

Pazi akaigeukia nguzo ya uzio. "Ewe nguzo, waulize hawa: Kalunde alichukua cha nani? Turubai, la Pazi. Ng'ombe, mahari ya Pazi. Mwizi akigawa sadaka, thawabu ni ya nani? Na aliyeziba ni nani? Yeye alilala tu, hata kiboko angelala! Mimi nimekata mkate wangu kwa mkasi wangu. Niliahidi mbele ya wazee, na ahadi yangu iko kwenye bomba hilo. Bila mimi, mngekuwa bado mnanusa tu."

"Na dawa, ewe nguzo?" akasema Mama Minza. "Muulize nani alipita na dumu." Akasogea mbele, mikono kiunoni. "Mimi nilikuja na ng'ombe mzima. Sasa sina ng'ombe, sina mwana. Ng'ombe wangu yuko wapi? Yule pale, anawaka. Huo moto ndio dume langu, na mwenye dume ndiye mwenye moto. Nikipewa mimi, jiko litakaa nyumbani kwa mwanangu, na mimi nitahamia hapa, nikae kando yake nililinde mpaka siku yangu ya mwisho."

Kofia ikamdondoka Pazi. Nilimwona anapima dirisha kwa macho, miaka yote iliyobaki.

"Bila mimi," akamalizia mama, "mngekuwa bado mnanusa tu."

Kelele zikaanza. Huyu anasema supu, huyu anasema harusi, huyu anasema ahadi ni ahadi, huyu anasema ng'ombe ni ng'ombe. Injinia akapiga bomba kwa spana, ngo ngo ngo. Katika kile kimya, tukasikia sauti ndogo.

"Mnanigombania kifua changu," akasema Minza, "na hakuna aliyeniuliza."

Watu wakageuka.

"Bi Kalunde alipoingia kwetu siku ile, alitafuta turubai uvunguni, akatafuta darini, hakulipata. Mume wangu alilificha nyuma ya tangi la maji, na kuniapisha nisimwambie mtu. Mimi nilimwonyesha. Nilijua atalia, na nililipenda turubai lile, ndilo lililonioa. Lakini nilikuwa nataka kupumua."

Pazi akamtazama mkewe. Bi Kalunde akainamisha kichwa, akacheka chini chini. Mzee Mahimbo akasema, "Kumbe!"

Hadithi hii nimeisimulia msibani, wakaacha kulia wakaanza kubishana. Nimeisimulia stesheni, garimoshi likawaacha watu wawili, na mpaka leo kila mmoja anasema mwenzake ndiye hakuelewa. Mimi jibu ninalo, ila nikilisema mtanifuata nalo nyumbani.

Basi zamu ni yenu. Bwawa limevimba, pampu zinaimba, Injinia ameshika spana, na ule moto wa buluu unawaka hewani hauna sufuria juu yake. Mmoja alilitia bwawa roho, mmoja alichukua, mmoja alitoa machozi na mkasi, mmoja aliiachia kamba ya mwanawe, na mmoja alionyesha kwa kidole.

Je, jiko lile alistahili nani? Jibuni upesi, jamani, gesi inaungua bure.